Gari la Vita Bila Spea ni Chuma Tu

Juzi nilikuwa kwa kinyozi hapa stage ya Endarasha nikingoja zamu yangu. Msee mmoja akatoa simu, akatuonyesha klipu ya magari ya kivita ya KDF kwenye gwaride. Muziki mzito, vumbi linapaa, taa zinawaka. Kinyozi akazima mashine ndiyo aone vizuri. "Hapo sasa! Jeshi letu limekuwa la kisasa!" Watu wakashangilia kama bao la Gor.

Mimi nilinyamaza. Na si ati silipendi jeshi letu. Binamu yangu yuko huko. Tulichunga ng'ombe pamoja, tukalala kitanda kimoja tukiwa watoto, na saa hii yuko mahali ambapo haruhusiwi kutuambia. Nilinyamaza kwa sababu ile klipu ilinikumbusha trekta.

Acha niwape hiyo stori.

Miaka kadhaa iliyopita kikundi kimoja cha wakulima huku kwetu kilipata trekta mpya kabisa. Mbuzi wakachinjwa, wakubwa wakakata utepe, picha zikapigwa. Msimu wa kwanza ililima poa. Msimu wa pili pampu yake ikaharibika. Spea haikuwa Nyeri, haikuwa Nairobi. Ilibidi iagizwe ng'ambo, na pesa ya kuiagiza haikuwepo kwa sababu pesa yote ilikuwa imeishia kwa trekta yenyewe. Fundi wa kuifungua pia hakuwepo. Leo iko chini ya mti, kuku wanatagia kwa kiti cha dereva, na viazi tunapanda kwa jembe kama kawaida.

Hakuna mtu aliyeiba kitu, nijuavyo mimi. Walinunua trekta tu. Kulima hawakununua.

Sasa hilo ndilo swali langu kuhusu vifaa vya jeshi. Tunanunua magari, ama tunanunua kazi ambayo magari yatafanya?

Mnakumbuka Haiti? Polisi wetu wa kwanza walitua Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024. Najua, hao ni polisi, si KDF, lakini somo ni lile lile. Tarehe 25 Machi 2025, eneo la Artibonite, gari la kivita la polisi wa Haiti lilikwama kwenye mtaro unaoshukiwa kuchimbwa na magenge. Wakenya wakatumwa kusaidia. Ujumbe wenyewe ulisema baadaye kwamba walipofika, gari lao moja likakwama pia, na lingine likapata hitilafu ya mitambo. Hapo ndipo wakashambuliwa. Afisa mmoja wetu akapotea. Familia yake ilikaa miezi bila jibu, hadi Septemba mwaka huo Rais alipothibitisha mbele ya Umoja wa Mataifa kwamba alikufa.

Soma hiyo tena polepole. Kilichoanzisha yote ni mtaro. Kitu cha jembe na sururu kilisimamisha magari ya mamilioni. Halafu gari lililotumwa kuokoa mengine likaharibika lenyewe.

Na sisi watu wa Nyeri tungekuwa wa kwanza kuelewa, kwa sababu vita vya aina hii vilipiganwa hapa nyumbani. Shosho wangu alikuwa mtoto wakati wa Mau Mau. Anakumbuka ndege zikipita chini chini juu ya Kieni zikielekea msituni. Hizo zilikuwa Harvard za jeshi la anga la Uingereza, zilizokuwa zikiruka kutoka uwanja mdogo wa Mweiga, hapo tu chini yetu. Baadaye wakaleta Lincoln, ndege kubwa za mabomu, zikiruka kutoka Eastleigh, Nairobi. Wakaumwagia msitu wa Aberdare mabomu. Yakaua wanyama wengi, yakang'oa miti, lakini wapiganaji wengi wakabaki wamejificha. Ndege za kupiga miji zilikuwa zinatafuta mtu mmoja mmoja chini ya mianzi.

Kilichowaumiza zaidi wale wa msituni kilikuwa kitu cha bei ya chini. Wakoloni waliwalazimisha wanakijiji, wengi wao kina mama, kuchimba mtaro wa kama maili 50 kwenye ukingo wa msitu wa Mlima Kenya. Lengo lilikuwa kukata chakula. Mau Mau waliishi kwa unga na viazi ambavyo kina mama waliwapelekea usiku. Ukikata hiyo njia, bunduki haina maana. Na Dedan Kimathi mwenyewe alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 baada ya kupigwa risasi na polisi wa kikabila aliyekuwa anatembea kwa miguu. Hakuna bomu lililomfikia.

Sisemi hayo kusifu wakoloni. Walichofanya kwa watu wetu ni dhuluma, na shosho atakwambia. Nasema hivi: vita huamuliwa na chakula, mafuta, barabara na spea kuliko watu wanavyopenda kukubali.

Hata Linda Nchi ilitufunza. Oktoba 2011, Rais akiwa Kibaki, mtu wetu wa Othaya, jeshi liliingia Somalia. Mvua ikanyesha. Barabara za udongo zikawa uji, magari yakakwama siku kadhaa. Kismayu tuliingia karibu mwaka mmoja baadaye. Mtu yeyote ambaye ameshawahi kuona lori la kabeji likikwama huku Kieni mwezi wa nne anajua hiyo hesabu. Soko liko pale, mzigo uko hapa, na katikati kuna matope.

Tuwe fair. Jeshi limejaribu kubadilika. Al-Shabaab walipoanza kutega mabomu barabarani kule Lamu na Mandera, gari la kawaida likawa jeneza. Kwa hivyo 2021 tulipoagiza magari 118 ya Hizir kutoka Uturuki, magari ya kustahimili mlipuko, hiyo ilikuwa akili. Kuna askari ambao watarudi nyumbani kwa sababu ya chuma hicho. Sina shida na hapo.

Shida yangu ni jinsi tunavyochanganya. Hizir ni za Uturuki. Mei 2024 Marekani ikatangaza kutupa magari kama 150 ya M1117 na helikopta 16. Ndege za mizigo za C-27J ni za Italia. Helikopta za Z-9 ni za China. Zile F-5 za kambi ya Laikipia, hapo Nanyuki, ni za Marekani, za tangu mwisho wa miaka ya 1970, na zingine tulinunua zikiwa zimetumika Jordan. Kila moja ina spea zake, vitabu vyake, fundi wake. Mwenye matatu atakwambia: ukiwa na Isuzu tatu, moja ikifa unaweza kuing'oa ukaokoa mbili. Ukiwa na gari tatu za kampuni tatu, ikifa moja imekufa.

Na kitu cha msaada nacho si bure. Helikopta nane kati ya zile 16 ni Huey. Huey ya kwanza kabisa iliruka tarehe 20 Oktoba 1956, siku moja kabla Kimathi kukamatwa. Zimeboreshwa sana tangu hapo, ndiyo, lakini mashine ya ukoo huo inataka matunzo mfululizo. Aprili 18, 2024, Jenerali Francis Ogolla na wenzake tisa walikufa kwenye Huey kule Elgeyo Marakwet. Mkuu wa Majeshi mwenyewe. Baada ya siku kama hiyo, swali la nani analipia matengenezo ya ndege zetu, na kwa miaka mingapi, linafaa kuwa swali la kila Mkenya.

Lakini ukiuliza, unaambiwa ni siri ya taifa. Na kuna siri za kweli. Sitaki adui ajue binamu yangu analala wapi ama gari lake lina unene gani. Hata sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inakubali kuna ununuzi wa siri. Lakini siri pia ni blanketi nzuri ya kujifunika. Manowari yetu, KNS Jasiri, iliagizwa Hispania mwaka 2003 kwa kama shilingi bilioni 4. Ikanaswa kwenye ule mzozo wa mikataba ya Anglo Leasing, ikakaa huko miaka, ikafika Mombasa 2012. Miaka tisa! Mtoto aliyezaliwa ikiagizwa alikuwa darasa la tatu ikifika. Katika hiyo miaka yote maharamia walikuwa wanateka meli hapa Bahari Hindi. Siri ile ilimlinda nani?

Najua kuna wasee wanasema, "Buda, mimi hizo gari sizitaki kabisa, zitatumiwa kwetu." Naelewa. Tarehe 25 Juni 2024, siku ile ile wenzetu walikuwa wanatua Haiti, jeshi liliitwa kusaidia polisi dhidi ya vijana barabarani hapa nyumbani. Wengi wetu tulikuwa huko ama tulikuwa na mtu huko. Lakini hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuuliza. Katiba ya 2010 inasema vyombo vya usalama viko chini ya mamlaka ya raia. Raia ni wewe. Ukisema "mambo ya jeshi hayanihusu," umeachia wengine waamue kinachonunuliwa na kitakakoelekezwa.

Mimi nataka vitu vitatu tu. Kwanza, kila mara serikali ikitangaza vifaa vipya, itangaze pia mpango wa miaka kumi: spea, mafundi, mafuta. Hakuna adui atakayefaidika kwa kujua kwamba mafundi wamefunzwa. Pili, wabunge wa kamati ya ulinzi na Mkaguzi Mkuu waone bei zote, hata kama ni ndani ya chumba kilichofungwa. Tatu, spea zianze kutengenezwa hapa. Kama kiwanda cha Ruiru kilichofunguliwa Aprili 2021 kinaweza kuunda bunduki, basi kuna mtu anaweza kutengeneza bushi na paipu ya mafuta. Hapo Nyeri tuna chuo kikuu cha teknolojia chenye jina la Kimathi mwenyewe, kimejaa vijana wa uhandisi wanaomaliza na kurudi nyumbani kuendesha nduthi. Wapelekeeni hiyo kazi.

Binamu yangu alikuja likizo Desemba. Tulipita karibu na ile trekta tukienda kununua maziwa. Akasimama, akaiangalia, akacheka. Nikamuuliza kama huko kwao magari huharibika. Akanyamaza kidogo.

"Tunasukuma," akasema.

Halafu akabadilisha mada, akaanza kuongea mambo ya mpira. Hakusema zaidi na mimi sikumchimba. Lakini mamake huamka saa kumi kila asubuhi kumwombea, na mimi nikisikia sauti yake ukutani huwa nafikiria lile neno. Wakati mwingine ukiona klipu ya gwaride, shangilia, ni sawa. Halafu uliza spea ziko wapi.