Ekstensheni Sakafuni: Ajali Hii Ina Kinga



Iko methali moja ambayo wasimamizi wetu wanaipenda kuliko zote: ajali haina kinga. Mtu akikatwa kidole, ajali haina kinga. Mtu akirushwa na umeme, ajali haina kinga. Wahenga walikuwa na maana yao, wala mimi sigombani nao. Lakini leo nataka kuzungumza juu ya ajali moja ambayo kinga yake naijua. Kinga hiyo ni skrubu mbili, klipu chache za waya na nusu saa ya kazi.

Nazungumza juu ya ekstensheni, ule ubao wa plastiki wenye matundu manne au sita ya kuchomekea plagi. Tembea kutoka Masafu mpaka Busia, kutoka Busia mpaka Tororo, uingie popote penye meza ya kazi: kwa mchomeleaji, kwa fundi redio, katika karakana ya kiwanda au ya shamba la miwa. Utaikuta ekstensheni imelala sakafuni chini ya jiriwa, katikati ya chenga za chuma na mafuta, waya wake umekatiza njia ya watu. Toroli linapita juu yake. Mvua ikinyesha na paa likivuja, maji yanaitafuta.

Hayo siyasemi kwa kusikia. Katika karakana moja niliyofanya kazi, ekstensheni yetu ilikuwa ya namna hiyo. Tuliinunua wenyewe kwa kuchangishana, kwa sababu ukuta mzima ulikuwa na soketi moja tu, nayo ilikuwa upande wa pili wa chumba. Siku moja baada ya mvua niliinama kuchomeka drili. Mkono ukagusa mahali ambapo toroli lilikuwa limeichubua ngozi ya waya. Nilijikuta nimelala chali, vidole viwili vimeungua, na wenzangu wakiniita jina. Nashukuru niko hai. Lakini kilichoniuma zaidi ni taarifa iliyoandikwa baadaye. Ilikuwa na maneno matatu ya sababu: uzembe wa mfanyakazi. Soketi moja ya ukutani haikutajwa.

Umeme si mgeni katika nchi hii yetu ya mpakani. Bwawa la Owen Falls pale Jinja, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Katika miaka ile ile ya 1950 kiwanda cha saruji cha Tororo kilianza kazi, na tangu mwaka 1958 umeme wa Jinja ulipita Tororo ukavuka mpaka kwenda Kenya. Basi umeme unapita kwetu kwa zaidi ya miaka 60. Hata hivyo mfanyakazi bado anapiga magoti kwenye maji kutafuta tundu la plagi! Je, hilo nalo ni uzembe wake?

Sasa niseme tunaloweza kufanya wenyewe, kisha niseme tusilopaswa kufanyiziwa.

Kwanza, toa plagi ukutani kabla ya kushika chochote. Chagua mahali. Usiilaze ekstensheni juu ya meza ikitazama dari, maana kila chenga na kila tone litaingia ndani ya matundu. Ifunge wima, kwenye ubao wa nyuma ya meza au kwenye ubavu wa mbele chini ya ukingo, mbali na cheche za jiwe la kunolea. Swichi yake iwe mahali ambapo mkono unafika bila kupita juu ya mashine inayozunguka. Siku mwenzako akishikwa na umeme, hapo ndipo utakapokimbilia.

Geuza ekstensheni uangalie mgongo wake. Nyingi zina vitundu viwili vya kuningʼinizia. Weka karatasi juu yake, tia alama ya vitundu hivyo, kisha bandika karatasi kwenye mbao na utoboe hapo hapo. Kaza skrubu lakini acha vichwa vitokeze kidogo, uipachike ekstensheni juu yake. Kama haina vitundu, ishike kwa mikanda ya bati laini au ya plastiki. Usitoboe kamwe mwili wa ekstensheni yenyewe, kwa kuwa huwezi kuona skrubu itagusa nini huko ndani.

Waya uufuate mguu wa meza, ushikwe kwa klipu. Usiupigilie misumari ya kukunja, inaukata polepole. Meza ikiwa ya chuma, weka kipande cha mpira mahali waya unapopita kwenye ukingo. Waya ukizidi urefu, usiuache umefungwa kama kamba ya ngʼombe huku unafanya kazi nzito, maana hapo unapata joto mpaka unayeyuka.

Kisha hesabu mzigo. Umeme wetu ni wa volti 240, na fyuzi ya plagi ni ya ampea 13. Zidisha, utapata kama wati 3,000 kwa matundu yote pamoja, si kwa kila tundu. Gurainda kubwa hula wati 2,000 hivi, na birika la chai wati 2,000 nyingine. Ukiviwasha pamoja umekwisha pita mpaka. Kwa hiyo chai ichemkie kwingine. Tena tuache ile mizaha ya mauti: waya mtupu ulioshindiliwa kwenye soketi kwa njiti za kiberiti, fyuzi iliyozungushiwa karatasi ya pakiti ya sigara, na ekstensheni iliyochomekwa juu ya ekstensheni nyingine. Na waya wa ardhi, ule wa rangi ya kijani na njano, usikatwe kwa sababu yoyote.

Hayo ni yetu. Lakini wako ndugu wanaoniambia, "Fundi, tukiifunga vizuri namna hiyo, bwana mkubwa atasema shida imekwisha, na soketi hatutaziona tena." Neno hili lina uzito, silipuuzi. Mimi mwenyewe nimeona jinsi ubunifu wa mfanyakazi unavyogeuzwa kuwa akiba ya mwajiri.

Jibu langu ni hili. Ekstensheni ni kitu cha kazi ya muda. Siku unapoifunga mezani kwa skrubu, umethibitisha mbele ya wote kwamba mahali hapa umeme unahitajika kila siku. Na mahali panapohitaji umeme kila siku panastahili soketi ya ukutani, iliyotiwa na fundi umeme mwenye kibali, pamoja na kile kikatio kinachokata umeme mara tu unapovuja. Kwa hiyo kufunga ekstensheni kusiwe mwisho wa madai, kuwe ushahidi wake. Tuifunge leo ili tusife kesho, na siku hiyo hiyo mwakilishi wetu aandike barua: meza ngapi, soketi ngapi zinatakiwa, tarehe gani tumeomba. Nakala ibaki chamani. Ajali ikitokea baadaye, hakuna atakayeandika "uzembe" kwa wepesi.

Wala hatuombi hisani. Nchini Uganda sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri achukue hatua za kuwalinda wafanyakazi kwa gharama yake mwenyewe. Ngʼambo ya mpaka, sheria ya Kenya ya mwaka 2007 inataka pawe na kamati ya usalama na afya mahali palipo na wafanyakazi 20 au zaidi, na wafanyakazi wawe na wawakilishi wao humo. Kamati hiyo isikutane kunywa soda tu. Ipite meza kwa meza, iiname itazame chini.

Na sisi tulio katika vibanda vidogo, tusio na kamati wala bwana mkubwa, tusijisamehe. Kijana mwanagenzi anayeinama chini ya meza yako ni mtoto wa mtu. Ukimwacha aguse waya uliochubuka, wewe ndiye mwajiri mbaya tunayemlalamikia hapa.

Vidole vyangu vimepona, alama zimebaki. Kila nikisikia methali ile nazitazama. Ajali ile ilikuwa na kinga. Ilikosa wa kuidai, nasi sote tulikuwapo.

Umoja ni nguvu.

Fundi wa Masafu