Mtaa wenye miti si wa mabalozi peke yao

Wafanyabiashara wengi wanaohamia jiji la nchi jirani huamua suala la nyumba kwa nusu siku. Wanapanga karibu na soko. Anayeuza Kikuubo analala hatua chache kutoka Kikuubo, wa Gikomba anatafuta chumba Majengo au Eastleigh, wa Kariakoo habanduki Kariakoo. Sababu zao zinaeleweka: nauli inapungua, mzigo uko karibu, na watu wa nyumbani wanaishi mtaa huohuo. Kwa mwenye familia aliyeiacha Bukoba au Kisumu na anayerudi kila baada ya wiki mbili, mpango huo unatosha kabisa.

Kwa anayehama peke yake, bila mume, mke wala ndugu wa kumpokea, hesabu ni nyingine. Hana wa kumlindia fedha akilala, hana wa kumpikia uji akishikwa na malaria, hana wa kuuliza mbona hajarudi. Chumba chake ndicho benki yake na ndicho ghala lake dogo. Akikeshwa na spika za baa usiku kucha, asubuhi anahesabu noti za fedha ya kigeni huku macho yanafumba, na kosa la sifuri moja linakula faida ya wiki. Mtu huyo akisema anataka mtaa tulivu wenye miti, wenzake wasimcheke kwamba anajifanya mkubwa.

Kicheko hicho kina historia. Wakoloni waliipanga miji ya Afrika Mashariki kwa rangi ya ngozi. Dar es Salaam ilikuwa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Oysterbay ikapata viwanja vikubwa na upepo wa bahari, Kariakoo ikapata viwanja vidogo vilivyobanana. Kampala ilikuwa na Nakasero na Kololo juu ya vilima, Nairobi ikawa na vitongoji vyake vya magharibi vyenye vivuli. Sheria za ubaguzi zilifutwa zamani. Bei ya kodi ikaendelea kuwachuja watu pale zilipoishia.

Hata hivyo, mitaa hiyo ina mlango ambao wengi hawaujui. Nyuma ya nyumba nyingi za zamani za Bugolobi, Kololo, Lavington au Mikocheni kuna nyumba ndogo ya uani iliyojengwa kwa ajili ya watumishi: chumba kimoja au viwili, choo na bafu. Wenye nyumba wengi huipangisha siku hizi, na mpangaji wanayemtaka ni mtu mmoja, si familia ya watoto watano. Hapo mseja anapata miti, ukuta na mlinzi bila kulipia nyumba nzima.

Kabla ya kutoa fedha aulize mambo mawili. La kwanza ni mita ya umeme. Kama nyumba ya uani haina mita yake ya kulipia kabla, LUKU kwa Tanzania au Yaka kwa Uganda, atajikuta akichangia jokofu na pasi za nyumba kubwa. La pili ni geti. Mabasi ya usiku kutoka Nairobi huingia Kampala alfajiri, na mwenye mzigo hatoki saa za ofisi. Nyumba ambayo geti hufungwa saa nne usiku na ufunguo unakaa chumbani kwa mama mwenye nyumba haimfai mfanyabiashara wa mpakani, hata iwe na mijakaranda pande zote.

Kuna jambo ambalo madalali hawalitaji kamwe, nalo ni upande wa jiji. Mtaa tulivu ulio upande usio wako ni adhabu. Barabara ya Malaba na Busia huingia Kampala kwa Jinja Road, kwa hiyo anayetoka Kenya ajaribu Bugolobi, Naguru au Ntinda. Anayetoka Mutukula huingia kwa Masaka Road kupitia Busega na Natete. Huyo akipanga Ntinda, kila safari atavuka jiji zima au kuzunguka kwa barabara ya mchepuo ya kaskazini; Rubaga na Mengo zina utulivu na miti yake, na ziko njiani kwake. Kigali ni hivyohivyo. Wa Rusumo huingia kwa Kabuga na Remera, wa Gatuna hushukia Nyabugogo. Nairobi, barabara ya Namanga hufikia Mlolongo na Mombasa Road, ilhali ya Malaba hushuka Waiyaki Way. Anayefuata mzigo Namanga mara mbili kwa wiki afikirie South C kabla ya Lavington, ingawa Lavington ina kivuli zaidi.

Miti pia hudanganya. Kololo ya mchana siyo Kololo ya Ijumaa usiku pale Acacia Avenue, na Kilimani ya Nairobi inasifika kwa vilabu kuliko kwa maua. Novemba 2022 serikali ya Kaunti ya Nairobi ilipiga marufuku vilabu vya usiku katika maeneo ya makazi kwa sababu ya malalamiko ya kelele, jambo linaloonyesha kero ilivyokuwa imefikia. Nyumba itazamwe mara mbili, mara moja siku ya kazi na mara moja Jumamosi saa tano usiku. Dalali atanung'unika. Alipwe nauli, arudi tena.

Lakini hatari kubwa ya mtaa tulivu kwa mtu anayeishi peke yake ni ukimya wenyewe. Uswahilini, mgonjwa akichelewa kufungua mlango jirani hugonga. Nyuma ya kuta za Nyarutarama au Masaki, wiki inaweza kupita. Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza baada ya kushusha begi iwe kujulikana: mwenyekiti wa LC1 kwa Uganda, mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwa Tanzania, kiongozi wa mudugudu kwa Rwanda. Kigali imerahisisha jambo hili kwa namna yake. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni Umuganda. Maduka hufungwa asubuhi, watu hutoka na majembe na fagio, na mgeni anayeshiriki mara mbili hujulikana na mtaa mzima. Mwenye duka dogo la kona naye ni wa kufanywa rafiki mapema. Mtaa usio na duka la kutembelea kwa miguu wala kituo cha bodaboda kinachojulikana, mseja auache, hata kodi ikiwa nafuu.

Wanawake wana mzigo wa ziada. "Dada, mume yuko wapi?" ni swali ambalo mwanamke anayetafuta chumba peke yake hulisikia Kampala, Mwanza na Eldoret, na mara nyingi jibu lake huamua kama chumba "kimeshachukuliwa". Mwenye nyumba ana haki ya kuuliza kazi na uwezo wa kulipa. Ndoa haimhusu. Wanawake ni wengi mno katika biashara ndogo ya mipakani, na kuwasukuma kwenye vyumba vya vichochoroni wakiwa na mtaji mkobani ni kuwaweka kwenye njia ya vibaka.

Kisha kuna mkupuo. Nairobi kwa kawaida hulipwa kwa mwezi pamoja na amana. Kampala miezi mitatu ni jambo la kawaida. Dar es Salaam wengi bado wanadai sita au kumi na miwili. Kwa mtu wa mpakani, kulipa mwaka mzima ni kucheza kamari na serikali mbili. Gatuna ilifungwa Februari 2019 na kufunguliwa 31 Januari 2022. Rwanda na Burundi mpaka ulifungwa tena Januari 2024. Aliyekuwa amelipia mwaka upande wa pili alibaki na ufunguo wa nyumba asiyoweza kuifikia, na mtaji ambao ungemvusha ukawa mfukoni mwa mtu mwingine. Na wanaodai dola waulizwe kwa nini: Tanzania mwaka 2025 ilikataza bei za ndani kutajwa na kulipwa kwa fedha za kigeni, na sheria ya Uganda ya mwaka 2022 ya wenye nyumba na wapangaji inataka kodi ilipwe kwa shilingi isipokuwa pande mbili zikubaliane vinginevyo.

Lawama nyingine ni ya Jumuiya yenyewe. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika 1 Julai 2010, na inataja haki ya kuishi kwa raia anayefanya kazi au biashara katika nchi mwanachama. Kifungu kinachofuata kinaacha ardhi na majengo chini ya sheria za kila nchi. Matokeo yake, shehena ya nyanya isiyozidi thamani ya dola 2,000 ina utaratibu rahisi na cheti chake cha asili kinachotolewa palepale mpakani, lakini mwenye nyanya akivuka hana hata karatasi moja ya mkataba wa chumba inayotambulika pande zote mbili.

Gharama ya kuliondoa pengo hilo ni ndogo. Mipaka kadhaa tayari ina maofisa wa dawati la habari za biashara. Wapewe fomu fupi ya mkataba wa upangaji kwa Kiswahili, yenye sehemu ya kiasi cha amana, tarehe ya kuirudisha, na kipengele kimoja kinachosema nini kitafanyika kwa kodi iliyolipwa mpaka ukifungwa. Wenye nyumba watakibishia kipengele hicho kuliko vyote, na ndicho ambacho Sekretarieti ya Arusha inapaswa kuanza nacho.