Baba naye apimwe

Huku kwetu Kibaha na Kisarawe, ndoa ikipita mwaka bila mimba anayepelekwa hospitali ni mke. Atapigwa picha ya mirija, atapimwa homoni, na mawifi watamtafutia mizizi ya kuchemsha. Mume anabaki nyumbani kusubiri majibu ya mwenzake. Wapo wasiosubiri: wanaoa mke wa pili, na huyo naye asiposhika mimba ndipo mtaa unaanza kunong'ona.

Utaratibu huu naupinga. Karibu nusu ya wanandoa wanaokosa mtoto, mwanamume ana sehemu yake katika tatizo, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Na kipimo chake cha kwanza ni chepesi kuliko vyote anavyopitia mke. Anakaa siku 2 hadi 7 bila tendo la ndoa, anatoa shahawa kwenye kikopo safi, maabara inahesabu mbegu na kuangalia zinavyokwenda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unaweka kiwango cha chini kuwa mbegu milioni 16 kwa mililita moja. Ukipata pungufu usikate tamaa, kipimo kinarudiwa.

Kikwazo kikubwa ni kuchanganya nguvu za kiume na uwezo wa kuzalisha. Mwanamume anaweza kuwa hodari kitandani na shahawa zake zisiwe na mbegu hata moja. Kwa hiyo zile chupa zinazouzwa stendi hazimsaidii. Sindano za testosteroni ndizo mbaya zaidi, kwani zinauambia ubongo kwamba homoni imetosha, na korodani zinaacha kutengeneza mbegu.

Hapa Pwani tuna jambo letu wenyewe: mabusha. Wazee wengi bado wanasema yanaletwa na madafu. Madafu hayana kosa, kunyweni. Chanzo kikubwa huku ni minyoo ya matende inayoenezwa na mbu, wakiwemo wale wanaozaliana kwenye vyoo vya shimo na maji machafu. Kampeni ya taifa ya kugawa dawa zake ilianzia mkoani kwetu, kisiwani Mafia, mwaka 2000. Korodani zinaning'inia nje ya mwili kwa sababu zinahitaji ubaridi kidogo. Zikizungukwa na maji miaka mingi, joto linapanda na utengenezaji wa mbegu unaweza kudhoofika. Busha linaondolewa kwa upasuaji. Ila mtaani kila uvimbe unaitwa ngiri, na ngiri inapelekwa kwa mganga, kumbe wakati mwingine ni mishipa ya vena iliyovimba juu ya korodani, ambayo nayo hupunguza mbegu na daktari huigundua kwa kupapasa tu.

Kisonono na klamidia zisizotibiwa sawasawa huacha makovu yanayoziba njia ya mbegu. Vidonge viwili vya duka la dawa, bila kupimwa na bila mwenzi kutibiwa, si tiba. Sigara na pombe nyingi zinajulikana, sitazirefusha.

Wazazi wa watoto wa kiume, mengine yanaanzia mikononi mwenu. Mnapomwogesha mtoto, hakikisheni korodani zote mbili zimeshuka. Akifikisha miezi 6 na moja haionekani, mpelekeni kwa daktari. Upasuaji unafaa ufanyike kabla ya miezi 18, msingoje atahiriwe ndipo ionekane. Kijana aliyebalehe akiugua matumbwitumbwi kisha korodani ikavimba, aonwe na daktari. Na akilia ghafla kwa maumivu makali ya korodani, hata kama ni usiku, msimkande maji ya moto mkasubiri asubuhi. Huenda imejinyonga, na mna takriban saa 6 za kuiokoa.

Kwa walioko kwenye matibabu: mbegu huchukua zaidi ya siku 70 kutengenezwa, kwa hiyo rudini kupima baada ya miezi 3. Anzieni kituo cha afya cha karibu, watawapa rufaa ya Tumbi au hospitali ya wilaya Kisarawe ikihitajika. Mkija, njooni wawili siku ya kwanza.