Nati Kaidi ya Puli

Katika njia itokayo Nakuru kwenda Kericho, penye baridi na mvua ya Kedowa, motokaa haikosi tope, na tope huzaa kutu. Fundi akitaka kuondoa puli iliyo mbele ya injini huikuta nati yake imeganda. Akivuta spana, injini yote huzunguka na nati haitoki.

Hapo wengi hukimbilia patasi na nyundo. Katika Land Rover za zamani, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1948, nati hiyo ina meno ya kupokea mpini wa kuwashia injini. Yakivunjika, hasara ni kubwa. Wengine hutumia moto, nao huunguza sili ya mafuta iliyo nyuma ya puli.

Njia njema ni hii. Waya wa betri uondolewe, na magurudumu yawekewe mawe. Nati isuguliwe kutu, itiwe mafuta mepesi, iachwe hata kesho. Ikiwa kibati kimekunjwa kuishika, kinyoshwe kwanza. Kisha gia ya juu iingizwe, mtu akanyage breki kwa nguvu, na fundi atie spana ya boksi iliyo sawasawa nayo, yenye bomba refu kwenye mpini. Katika injini nyingi nati hufunguka kwa kushoto. Avute kwa utaratibu. Spana ikiteleza, vidole ndivyo vilipavyo.

Wakati wa kuirudisha, ikazwe kwa kipimo cha kitabu cha gari hilo, kwani nati iliyolegea huharibu krenkishafti yenyewe. Kazi ya siku 2 yenye vidole 10 ni bora kuliko ya saa 1 yenye vidole 9.