Saratani ya ini inapovamia moyo

MGONJWA anapovimba miguu na kutweta hata akiwa ameketi, jamaa zake hudhani ni maradhi ya moyo. Huenda moyo umeathirika kweli, ila chanzo cha masaibu kikawa kwenye ini.

Saratani ya ini ina hulka ya kupenya mishipa ya damu. Wakati mwingine uvimbe hutambaa ndani ya mshipa mkubwa unaorejesha damu moyoni hadi ukaingia chumba cha juu cha upande wa kulia. Hapo huziba njia ya damu, na kipande kikimeguka kikanasa mapafuni, mgonjwa anaweza kufariki ghafla. Upasuaji huwafaa wachache. Wengi hufika hospitalini maji yamezidi unga.

Ndiposa vita hivi havina budi kuanzia ghalani. Mnamo 2004, mahindi yenye sumu ya aflatoksini yaliwaua watu 125 nchini, wengi wa walioathirika wakiwa wa Makueni na Kitui. Taifa lilishtuka. Lakini sumu iyo hiyo, ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, huchochea saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya hepatitisi B, na hakuna anayepiga kamsa.

Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya virusi hivyo mwishoni mwa 2001. Waliozaliwa awali, ambao leo ndio wazazi na wakulima, hawakufikiwa na mpango huo. Asiye na virusi angali anaweza kuchanjwa, na aliye navyo ini lake likachunguzwa mara kwa mara, mradi apimwe kwanza. Wengi hawajui hali yao hadi tumbo linapojaa maji.