Kesi ya Shangazi Darasani



Tunapenda kuwajibu wazazi wetu walionung'unika kwamba walimu wa madrasa hapa Rubya tumeacha kusomesha dini, tunawasomesha watoto kesi.

Ni kweli, kesi tumesomesha. Mwaka 1988 mama mmoja wa wilaya yetu hii ya Muleba, aliyerithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, aliona uzee umemfikia na hana wa kumtunza. Akaiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Kesho yake mtoto wa ndugu yake akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo Kashasha, akidai kuwa kwa mila ya Kihaya mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Akashinda. Shangazi akakata rufaa Mahakama ya Wilaya Muleba, akashinda yeye. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akasema mila hiyo ni ubaguzi, na Katiba imeukataza katika ibara ya 13.

Darasa liligawanyika. Wavulana upande wa mtoto wa ndugu, wasichana kwa shangazi (wala hatukuwapanga sisi!). Kisha binti mmoja akauliza: "Ustadh, Surat Nisaa aya ya 11 inampa binti fungu lake. Mbona kwetu vibanja wanagawana kaka peke yao?"

Tulinyamaza. Wapo miongoni mwetu walimu ambao dada zao hawakupata hata mgomba mmoja.

Jaji alihukumu kwa Katiba, hakuhukumu kwa Qur'an, na mafungu ya mirathi si sawa na hesabu ya Katiba. Hilo hatukuwaficha wanafunzi. Lakini kote kuwili, alichopewa binti ni mali yake. Sasa wazazi wetu, hapo tumesomesha dini au kesi?

Mihimili mitatu ya dola watoto wanaikariri kwa ajili ya mtihani na kuisahau. Ila mama yule angekuwa hajui kwamba kuna rufaa, angekubali hukumu ya Kashasha na kuzeeka bila mtunzaji.

Somo lijalo, inshaallah, ni wosia. Mzazi aliyeandika wosia aje nao. Asiyeandika aje na kalamu.