Sindano kavu haibebi mtungi

Wasee wa Kitui na Makueni, wiki hii mmenijazia DM na swali moja: ile sindano ya kudungwa shingoni bila dawa ni ya ukweli ama ni ya kukula pesa za watu? Ni ya ukweli. Shida yangu ni vile inauzwa.

Kwanza tuelewane. Ni sindano nyembamba kama ile ya Wachina ya akupancha, na haina dawa ndani, ndiyo maana inaitwa kavu. Hii hutafuta lile fundo gumu kwenye msuli, lile ukilibonyeza begani unasikia uchungu hadi kichwani. Ikiligusa, msuli unaruka wenyewe halafu unalegea. Siku moja au mbili utauma kama umelima shamba zima. Mwaka 1979 daktari wa Chekoslovakia, Karel Lewit, aliandika kwamba nafuu ilitoka kwa sindano yenyewe, si dawa iliyokuwa ikidungwa nayo. Kwa hivyo si uchawi.

Lakini majaribio ya shingo na mabega yanaonyesha nafuu ya wiki chache, pengine miezi mitatu. Baada ya hapo ushahidi unapungua. Na huku kwetu nani anaumwa shingo? Klipu zote ninazoona ni za wakimbiaji na watu wa ofisi Nairobi. Huku ni mama anayetoka kuchota maji kwenye shimo la mchanga mtoni, mtungi wa lita 20 mgongoni, mkanda umepita kwenye paji la uso. Hizo ni kilo 20 zinazovutwa na shingo, kiangazi chote. Mdunge Jumatatu, Jumanne yuko mtoni tena. Hiyo nafuu itakaa wapi?

Juzi jamaa fulani alitaka nimtangazie siku ya sindano sokoni. Nikamuuliza leseni, akasema alijifunza kwa video. Manze! Mimi niliacha chuo mwaka wa pili lakini hata mimi najua ncha ya pafu inapita juu ya mtulinga. Sindano ikizama vibaya hapo, pafu linatoboka, hewa inavuja, mtu anashindwa kupumua. Nilimkatalia, na akinitukana kwa komenti mtajua ni nani.

Fizio wa kweli ana leseni ya baraza lao, lililoundwa kwa sheria ya 2014. Muombe akuonyeshe, hakuna matusi hapo. Sindano ifunguliwe kwa pakiti mpya ukiona. Kama una mimba au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwambie kabla. Na akikudunga tu bila kukupa mazoezi ya shingo na bila kuuliza unabeba nini, huyo amefanya nusu ya kazi.

Nusu ingine si ya fizio. Kule ambako watu wamejenga mabwawa ya mchanga, maji yanabaki chini ya mchanga hata mto ukikauka, na safari inakuwa fupi. Punda anasaidia, mkokoteni pia. Kina mama wa chama walioniuliza kama wachangie pesa za sindano, jibu langu ni hili: nunueni mkokoteni kwanza. Yule ambaye shingo haigeuki kabisa, mchangieni nauli aende kwa fizio wa hospitali ya kaunti, Wote ama Kitui mjini. Na vijana wa hiyo boma, mitungi ni yenu pia.